Macho Yalinunua, Shingo Ikalipa

Stoo kwangu, nyuma ya jiko la mkaa tusilolitumia siku hizi, kuna boksi lenye viegemeo viwili vya kichwa vya siti za gari. Ni vyeusi, vimeshonwa kwa uzi mwekundu, na kila kimoja kina matundu mawili yaliyochongoka mithili ya macho. Mke wangu huviita vichwa vya papa. Kila Desemba tukifanya usafi mkubwa hulinyanyua boksi na kuniuliza, "Baba Salma, hawa papa wako nao tunavuka nao mwaka?" Namwambia waache. Vilinigharimu shilingi 180,000 dukani na wiki sita za shingo isiyogeuka, na kitu kilichokufundisha kwa bei hiyo hakitupwi ovyo.

Hadithi yake inaanza mwaka 2014, niliponunua gari langu la kwanza, Toyota Altezza iliyokwishatumika Japani. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya kliaringi bandarini Dar es Salaam. Kila siku nilikuwa naona magari ya watu yakishuka melini, mengine mamia kwa mkupuo, na mimi narudi nyumbani kwa daladala nimening'inia mlangoni. Wanaoijua Altezza wanaujua ugonjwa wake. Saa za dashibodi yake zimepangwa kama saa ya mkono ya gharama, duara ndani ya duara, na ukishaziona mara moja magari mengine yanaonekana kama maboksi ya viatu. Nilikopa, nikauza kiwanja kidogo, nikanunua.

Gari lilikuwa zima. Siti zake zilikuwa za kitambaa cha kijivu, na viegemeo vyake vilikuwa vya kawaida kabisa: vinene, vya mviringo, vimekaa kama wazee kwenye baraza. Mwenye yadi alikuwa amevivalisha nailoni, nami sikuivua kwa mwezi mzima. Nadhani nilikuwa nasubiri sababu ya kuvibadilisha.

Sababu niliikuta Kariakoo. Nilikwenda kununua vifuniko vya matairi, kijana wa duka akalitazama gari langu lililoegeshwa nje, akatikisa kichwa kwa huruma. "Bosi, gari kali namna hii umeliwekea mito ya hospitali?" Akanishushia kutoka ukutani wale papa wawili. "Hivi ndivyo vya spoti. Ukivifunga hivi, hata foleni inakupisha."

Nilivibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama, kikabaki na joto laini. Nikajiambia: hii ndiyo raha. Huo ndio uchunguzi wote nilioufanya kabla ya kutoa hela. Sikukaa, sikuegemea, sikupima. Nilikitumia kidole changu kuamua jambo la shingo, na jicho langu kuamua jambo la mgongo.

Kwenye kufunga kukawa na kasoro ndogo, ndivyo kijana alivyoiita. Miguu ya kiegemeo, yaani vile vyuma viwili vinavyoingia juu ya siti, ilikuwa myembamba kuliko matundu ya Altezza. Kijana hakuhangaika. Alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akaizungushia miguu, akavigongelea kwa kiganja mpaka vikashika. "Havitoki hivyo, labda uchome gari." Nami nikacheka, nikalipa.

Kitu kimoja nilikisikia siku ile bila kukielewa, au tuseme sikukisikia. Viegemeo vya asili, ukivipandisha au kuvishusha, hulia "ka!" kila vinapofika kwenye kidato. Vile vya spoti havikulia. Vilipanda na kushuka kimyakimya, kama droo iliyolegea.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Vijana wa kijiweni walichungulia ndani wakapiga miluzi. Nilipiga picha gari likiwa limefunguliwa milango yote minne, kama ng'ombe wa maonesho. Nilianza hata kukaa kibosi: siti imelazwa nyuma, mkono mmoja juu ya usukani, kichwa kikiwa mbali na kiegemeo kwa urefu wa shubiri.

Watu wa kwanza kulalamika walikuwa wanawake, na sikuwasikiliza. Mama yangu alipanda mbele nikimpeleka harusini Temeke, kilemba chake kimefungwa juu kwa ustadi. Hatujafika hata Keko akasema, "Mwanangu, hii siti yako inanisukuma kichwa kama mtu anayenifukuza." Mke wangu naye alikuwa amesuka rasta akazifunga fundo nyuma, akasafiri Dar hadi Morogoro kidevu kikiwa kifuani, akashuka haongei na mtu. Mimi nikaona wanadeka. Sikujiuliza kwa nini kitu kinachoitwa cha raha kinakataa vichwa viwili kati ya vitatu vya nyumba yangu.

Halafu likaja joto la Januari. Ile ngozi bandia nyeusi, gari likiachwa juani saa mbili, ilikuwa inachoma shingo kama pasi. Ikipoa kidogo, inateleza kwa jasho. Kufikia Machi ilianza kubanduka vipandevipande vilivyokuwa vinanata kwenye kola ya shati jeupe la kazini. Watu wa pwani walikwishasema zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mkakasi wangu haukuwa hata na hicho kipande cha mti.

Niligundua Ijumaa moja jioni, kwenye foleni karibu na Mwenge. Nilikuwa nimesimama kabisa, mguu kwenye breki, nasikiliza mpira redioni. Pikapu iliyokuwa nyuma yangu ikasogea ilhali mimi sijasogea. Haikuwa ajali ya kusimulia: bampa lilikwaruzika, taa haikuvunjika. Dereva akashuka mikono juu, "Nisamehe kaka, mguu umeteleza," tukatazama mkwaruzo pamoja, tukapeana namba, kila mtu akaenda zake. Kitu pekee nilichokihisi ni kama mtu aliyenivuta nywele kwa nyuma ghafla na kuniachia. Nilipogeuka kuangalia siti nikaona kiegemeo cha spoti kimezama hadi chini, vipande vya tyubu vimechomoza juu ya miguu kama soksi zilizoshuka.

Asubuhi yake sikuweza kutazama kushoto. Jumapili sikuweza kutazama popote.

Daktari niliyempata alikuwa mama wa makamo mwenye utani mkavu. Baada ya kunipima na kuniambia kwamba mfupa haukuvunjika, ila misuli na mishipa ya shingo imevutwa kupita kiasi, aliniuliza, "Kiegemeo cha gari lako kilikuwa wapi, baba?"

"Nyuma, daktari."

"Nyuma ya nini? Nyuma ya kichwa, au nyuma ya shingo?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kalamu akaisimamisha wima kiganjani, akaweka kifutio juu yake. Kisha akasukuma kiganja mbele kwa haraka. Kalamu ilikwenda na mkono. Kifutio kikadondoka nyuma. "Kifutio ni kichwa chako," akasema. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano hivi, sawa na tikiti la wastani, nacho kimesimama juu ya shingo. Gari likigongwa nyuma, siti inausukuma mgongo mbele papo hapo. Kichwa hakijapata habari bado. Kinabaki palepale kilipokuwa, mwili unakiacha, na shingo inajipinda katikati kabla kichwa hakijavutwa nyuma. Kwa Kiingereza jeraha hilo limefananishwa na mjeledi unavyochapwa. Kazi ya kiegemeo ni kukidaka kichwa mapema, kabla shingo haijamaliza kujipinda. Kikiwa mbali, kinachelewa. Kikiwa chini, ni kibaya zaidi: kinakuwa kama ukingo wa meza ambao shingo inavunjiwa juu yake.

Wiki zile sita za kupaka dawa na kufanya mazoezi ya kugeuza kichwa kwa nyuzi mbilimbili zilinipa muda mwingi wa kusoma. Nikaanza kukitafuta kile kitu nilichokuwa nakiita mto. Wazo lenyewe ni la kale kuliko nilivyodhani: mwaka 1921 mkazi wa Oakland, California, aitwaye Benjamin Katz aliomba hataza ya kiegemeo cha kichwa cha siti ya gari. Lakini kwa miongo kadhaa kilibaki kitu cha hiari. Serikali ya Marekani ndiyo iliyokuja kuagiza kwamba magari madogo yanayotengenezwa kuanzia Januari 1, 1969 lazima yawe na viegemeo kwenye siti za mbele. Na kwenye sheria hiyo hakikuitwa kitu cha kupumzishia kichwa. Kiliitwa kizuizi cha kichwa. Nilisoma neno hilo mara mbili. Miaka yote mimi nilikuwa nanunua mto, kumbe wenzangu walikuwa wanafunga breki ya kichwa.

Waswidi wakaenda mbali zaidi. Mwaka 1997 Saab walileta kiegemeo kinachosogea chenyewe juu na mbele pale mgongo wa mtu unapoikandamiza siti wakati wa kugongwa. Mwaka uliofuata Volvo wakaleta siti ambayo mgongo wake mzima unarudi nyuma kwa mpangilio, ukimpokea mtu kama nyanya anavyompokea mjukuu. Ndani ya siti za namna hiyo kuna mitambo. Atakayekuja na bisibisi kubadilisha kiegemeo kwa sababu ya rangi, anaweza kuivurugia mitambo hiyo kazi bila kujua.

Neno lililonisumbua zaidi, hata hivyo, ni spoti. Niliona ni haki yangu kujua ni spoti gani hiyo niliyouziwa. Nikatazama picha za siti za magari ya mashindano na kukuta yale matundu mawili ya macho ya papa, kweli yapo. Yapo kwa sababu dereva wa mashindano hafungi mkanda mmoja wa begani kama sisi. Anafunga mikanda miwili inayopita juu ya mabega yote mawili, na matundu yale ndiyo njia yake. Kwangu yalikuwa pambo. Siti yao ni kipande kimoja kigumu kutoka kalio hadi kisogo, haipandi wala haishuki, na dereva amevaa kofia ngumu. Kwenye Formula 1, kingo za chumba cha dereva zilinyanyuliwa na kuwekewa sponji nene kuzunguka kichwa kuanzia mwaka 1996. Mwaka 2003 madereva hao wakalazimishwa kuvaa kile kifaa cha mabegani kiitwacho HANS, ambacho mtaalamu Robert Hubbard alikibuni na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mashindano, ili kichwa kisirushwe mbele gari likigonga. Kumbe spoti ni mnyororo: siti, mikanda, kofia, kola. Mimi nilichukua pete moja ya mnyororo huo, tena ya bandia, nikaining'iniza kwenye gari la kwenda kazini. Ni sawa na mtu anayevaa jezi ya Yanga akasubiri mpira umfuate miguuni.

Kuna jambo lingine nililikumbuka nikiwa kitandani. Miaka ya nyuma nilikwenda Kenya kikazi, nikaona viegemeo vya kichwa vya Waturkana: kigogo kidogo cha mti kilichochongwa, mzee anakwenda nacho malishoni, mchana anakikalia, akilala anaweka kisogo juu yake ili nywele zake zilizopambwa zisiguse vumbi. Ni mti mtupu. Wakati ule nilimhurumia mwenye nacho. Sasa, nikiwa nimezungukwa na mito minne ya sufi isiyonisaidia, nilianza kumwelewa. Mti ule ulichongwa kwa kimo cha shingo ya mwenyewe, na nywele zake zilifikiriwa kabla ya kisu kuanza kazi. Raha yake ilitoka kwenye kimo na mahali, ulaini haukuwamo. Mafundi wale wangemsikiliza mama yangu na kilemba chake siku ya kwanza.

Nilipopona nilitaka kurudisha viegemeo vya asili, ila bado nilikuwa mtu wa Altezza. Sikutaka kurudi kwenye mito ya hospitali. Nikaenda kwa fundi siti mmoja Ilala, mzee wa maneno machache aliyekuwa anafanya kazi chini ya mwembe na cherehani yake ya kushonea turubai. Nikamweleza ninachotaka. Akachukua kiegemeo cha papa, akakata mshono kwa wembe, akanionesha ndani: sponji nyepesi ya godoro la bei rahisi, na kibati chembamba kinachopindika kwa mkono. Kisha akafungua cha asili: mifupa ya chuma iliyopindwa, na juu yake sponji nzito iliyomiminwa kwenye umbo lake, ukiibonyeza inakataa kidogo kabla ya kukubali.

"Kijana," akaniambia, "badili ngozi. Mifupa usiiguse."

Ndivyo tulivyofanya. Mifupa na sponji ya Mjapani vikabaki vilevile. Mzee alitaka kujua kama naongeza sponji ili kionekane kimejaa. Alipoona nasitasita akasema mwenyewe kwamba kila sentimita inayoongezwa mbele inasukuma kichwa sentimita moja, na wanaoongeza ndio wanaorudi wiki ya pili wamekigeuza kiegemeo kinatazama nyuma. Tukaacha unene wa asili. Katikati, pale kisogo kinapogusa, tukaweka kitambaa cha vitundu vidogo kinachopitisha hewa, kwa sababu Dar si Stuttgart. Pembeni, ambako kichwa hakifiki, tukaweka ngozi bandia nyeusi ya daraja zuri, na juu ya mshono uzi mwekundu, maradufu, ulionyooka kama mstari wa rula. Tukarudia kitambaa hicho kwenye mbavu za siti ili viegemeo visionekane wageni, ila ubavu ule wenye alama ya mfuko wa hewa hakuugusa. "Ukishona juu ya hapo, umelifunga gari mdomo," akasema. Kazi yote ikawa pungufu ya bei ya papa wawili.

Gari likapendeza kuliko mwanzo. Wale wa kijiweni walipiga miluzi tena, na safari hii hawakujua wanasifu nini hasa, maana umbo lilikuwa lilelile la kiwandani. Hapo nikajifunza kuwa mtindo mzuri wa gari, kama kanzu nzuri, unaonekana kwenye mshono na kitambaa na jinsi kilivyomkaa mtu. Kanzu isiyokukaa haiokolewi na darizi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu msumbufu barabarani. Kabla ya safari nampima kila abiria. Ncha ya juu ya kiegemeo ninaipeleka iwe sawa na utosi wake, na nafasi kati ya kisogo na kiegemeo isizidi vidole vinne. Rafiki yangu mmoja mrefu, aliyekuwa amezoea kiegemeo kikimkaa shingoni, alinishangaa nilipomshusha garini nikivute mpaka kidato cha mwisho. Siti naiinua, kulala kibosi kunakiacha kichwa peke yake nyuma. Mke wangu rasta zake sasa anazifunga juu au ubavuni tukienda mbali, na tulikubaliana hivyo wote wawili, sikumwamrisha. Ile mito ya shingo ya kuning'iniza, hata ile ya sponji inayokumbuka umbo iliyobuniwa kwa ajili ya NASA mwaka 1966, nimewaachia wenye mabasi. Sponji ile hulainika kwa joto, na ndani ya gari lililoshinda juani Kariakoo inalegea kama ugali usioiva, halafu inakisogeza kichwa mbele mahali ambapo kiegemeo hakikupanga.

Mama alipanda tena mwaka jana, kilemba kikubwa kuliko cha harusi ile. Nilimwomba akae kwanza, nikapandisha kiegemeo, nikaunyanyua mgongo wa siti kidogo, nikamwomba asogeze fundo la kilemba kwa mbele. Alivumilia. Tulipofika Chalinze nikamtazama: amelala, kichwa kimenyooka, mdomo wazi. Hajawahi kunisifia gari, na siku hiyo pia hakusema kitu.

Mwezi uliopita kijana wa jirani, ambaye amenunua gari lake la kwanza, alisikia habari za boksi la stoo. Akaja jioni na hela mkononi. "Shikamoo, mzee. Nasikia una hedresti za spoti huzitumii." Nilimtolea moja. Macho yake yakawaka. Nikayatambua macho hayo, yalikuwa yangu. Akalegeza kidole gumba, akakipeleka kwenye ule weusi kukibonyeza.

"Acha kidole," nikamwambia, nikafungua mlango wa Altezza. "Njoo ukae huku kwanza. Egemea."

Akakaa. Nikakivuta kiegemeo juu, taratibu, mpaka kikafika usawa wa utosi wake. Kikalia "ka!"

"Umeisikia hiyo?" nikamuuliza. "Sasa twende dukani, ukatafute chenye mlio huo. Rangi tutaiongelea baadaye."